Uzi: Godauni, duka, tawi na kiwanda cha sabuni Kigoma, tuchukue ERP ya aina gani?

Mzani_Gungu

Wakuu, salaam kutoka mwisho wa reli. Natafuta ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta wa kuunganisha stoo, mauzo na hesabu. Naweka hali ilivyo.

Godauni la jumla liko Gungu (sukari, unga, saruji, mabati), duka la rejareja Mwanga, tawi Kasulu, na kiwanda kidogo cha sabuni kinachotumia mawese na mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi). Wateja wa Kalemie na Uvira wanapakia Kibirizi, wengine taslimu, wengine mali kauli. Wafanyakazi 26, watakaogusa kompyuta 9. Hesabu ziko QuickBooks ya kwenye kompyuta, stoo iko Excel, mashine ya EFD (ya risiti za TRA) iko kivyake. Mwisho wa mwezi hivyo vitatu havikubaliani.

Wauzaji wanne wameshapita: wa Odoo, wa ERPNext, wa SAP Business One, na mmoja mwenye mfumo alioandika mwenyewe. Wote wanasema wao unafanya kila kitu. Naomba tujadili aina kwanza, jina baadaye.

---

Hesabu_Isevya (Tabora)

Mkuu Mzani, jibu hili kwanza: leo unaijuaje gharama halisi ya mche mmoja wa sabuni? Kama jibu ni makadirio, basi ndipo pa kuanzia.

Programu za hesabu zenye stoo pembeni, kama QuickBooks na Tally, zinatosha biashara inayonunua na kuuza kitu kilekile. Ukishaingiza uzalishaji, yaani mafuta yanaingia na sabuni inatoka, na stoo zaidi ya mbili zinazohamishiana mzigo, unahitaji mfumo ambao stoo, manunuzi, uzalishaji na leja vinasoma daftari moja. Hiyo ndiyo ERP ya jumla: Odoo, ERPNext, Business One, Business Central. Juu yake kuna ERP za sekta, zilizotengenezwa kwa ajili ya hospitali, hoteli, mashamba makubwa n.k. Hizo kwako hazihusu. Mfumo wa kuandikiwa na mtu mmoja ni aina ya nne, tutaurudia chini.

Kabla ya moduli (sehemu za mfumo), angalia vipimo. Hapa ndipo mifumo mingi inapokwama katika biashara za huku. Mawese unanunua kwa dumu la lita 20, kiwanda kinapima kilo, ukiuza unarudi kwenye lita. Mawese yana uzito wa takriban kilo 0.9 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kama kilo 18. Karani akiandika dumu = kilo 20, kila dumu mia linakuzalishia kilo 200 za mafuta hewa. Mwisho wa mwezi utamtafuta mwizi ambaye hayupo.

Sasa muulize muuzaji: mfumo unageuza lita kuwa kilo kwa kila bidhaa peke yake? ERPNext inakuruhusu kuweka kigeuzi ndani ya bidhaa yenyewe, mawese 1 dumu = kilo 18, asali 1 ndoo = kilo 28 (asali ni nzito, kama kilo 1.4 kwa lita). Odoo, hadi toleo la 18, iliweka vipimo katika makundi. Kundi la ujazo haligeuki kuwa uzito mpaka mtu akuchongee. Kwa duka la nguo hilo si tatizo. Kwako ni tatizo.

Pili, gharama ya bidhaa inakokotolewaje. QuickBooks ya kwenye kompyuta kwa kawaida inatumia bei ya wastani. ERPNext na Odoo zina wastani na pia kwanza-kuingia-kwanza-kutoka. Mafuta yanayomiminwa kwenye tangi moja tumia wastani, kwa sababu huwezi kusema tone hili ni la Jumatatu. Saruji na unga vitumie kwanza-kuingia-kwanza-kutoka.

---

Fundi_Seva

Naongezea kwenye uzalishaji, maana hapa wauzaji huonyesha skrini nzuri halafu basi.

Kilo 100 za mawese zinataka takriban kilo 14 za kostiki soda ili zigeuke sabuni yote. Kilo 100 za mafuta ya mise zinataka zaidi, kilo 17 hivi. Kwa hiyo mawese na mise ni bidhaa mbili tofauti kwenye mfumo, na fomula za uzalishaji ni mbili, au tatu kama mnachanganya. Nimeona fomula imeandikwa "mafuta kilo 100" basi. Stoo ya kostiki haitakaa ikubaliane na mfumo, na gharama ya sabuni itakuwa ya kubuni.

Mwambie muuzaji akuonyeshe mambo matatu kwa fomula yako, asilete ya kwake: makisio ya matumizi na matumizi halisi yakiandikwa kando kando, sabuni iliyovunjika na kurudi sufuriani inaingizwaje, na gharama ya kuni, umeme na vibarua inaingia vipi kwenye bei ya mche. Akikwama la tatu, huo mfumo kwako ni wa duka tu.

---

Ujiji_Tally

Naomba kupinga kidogo. Watu wanakimbilia ERP wakati Tally ingemaliza. Inakaa kwenye kompyuta yenu, haihitaji intaneti, ina stoo nyingi, ina kipimo mbadala kwa kila bidhaa, na leseni ya watumiaji wengi inafanya kazi kwenye mtandao wa ndani. Wahasibu wanaoijua wapo. Mkuu Mzani ana watumiaji 9 tu.

---

Hesabu_Isevya

Mzee Ujiji, kwa godauni peke yake nakubali asilimia mia. Hata kwa godauni na duka. Linaloniondoa kwenye Tally hapa ni Kasulu na ruhusa. Kasulu ikihamishiwa mifuko 200 ya saruji lazima kuwe na hatua tatu: Gungu imetoa, mzigo uko njiani, Kasulu imepokea 198 na miwili imepasuka. Hizo hatua zikiandikwa na watu watatu tofauti, kila mmoja na nywila yake, upotevu unajulikana umetokea mikononi mwa nani. Tally unaweza kuitengenezea, lakini unalazimisha.

---

Mzani_Gungu

Nashukuru. Je, mali kauli inaingizwaje? Na nauli? Mzigo wa Dar ukija kwa reli au lori, nauli tunaiweka kwenye matumizi ya mwezi.

---

Hesabu_Isevya

Hiyo nauli kwenye matumizi ndiyo inayokudanganya bei.

Chukua mfano: katoni 400 kwa shilingi 24,000, jumla 9,600,000. Nauli 1,200,000, makuli wa kupakia na kushusha 80,000. Ukigawa 1,280,000 kwa 400 unapata 3,200. Katoni imekufikia kwa 27,200. Ukiuza 27,000 kwa sababu mshindani anauza hivyo, QuickBooks yako inaonyesha faida ya 3,000 kwa kila katoni, kumbe unapoteza 200. Unagundua Desemba.

Kwa hiyo mfumo uwe na sehemu ya kuongeza gharama za kufikisha mzigo juu ya mapokezi, hata kama ankara ya msafirishaji inakuja wiki mbili baadaye. Odoo na ERPNext zote zinayo. Angalia pia zinagawaje: lori likibeba saruji na simu pamoja, nauli igawe kwa uzito, bima na ushuru vigawe kwa thamani. Ukigawa nauli kwa thamani, simu zitabeba nauli ya saruji.

Mali kauli nayo ina sura mbili. Kama mteja wa Kalemie anaweza kurudisha asichouza, mzigo bado ni wako: fungua stoo kwenye mfumo kwa jina lake, hamishia humo, na mauzo yaandikwe anapoleta hesabu. Kama harudishi, hilo ni deni la kawaida, ankara itoke siku ya kupakia. Ukichanganya hizi mbili, ripoti ya wadaiwa na ripoti ya stoo zote zinakuwa uongo kwa wakati mmoja. Nyaraka za forodha zinafuata utaratibu wake kwa vyovyote.

---

Dada_Kodi

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyegusa TRA, na ndiyo inayoamua kama mfumo utatumika au utaachwa.

Mfumo usipozungumza na VFD (EFD ya programu, isiyo na mashine), keshia ataandika mauzo mara mbili: kwenye ERP na kwenye mashine. Wiki ya tatu ataacha kimoja, na hataacha mashine. Kwa hiyo kwenye onyesho omba ankara moja itoke kwenye mfumo, ipate namba ya uhakiki ya TRA, na namba hiyo ibaki imehifadhiwa kwenye ankara ileile. Halafu omba waiharibu: kata intaneti katikati. Ankara ikae foleni na kutumwa mtandao ukirudi, bila kutumwa mara mbili. Hapo ndipo viunganishi vingi vya kuchonga vinapoanguka.

Kila jioni jumla ya mauzo kwenye mfumo ilinganishwe na ripoti ya Z (jumla ya siku upande wa TRA). Tofauti ya hata shilingi moja itafutwe siku hiyohiyo.

Kwenye kodi, zitenganishe hizi tatu wakati wa kuweka bidhaa: kiwango cha kawaida 18%, asilimia sifuri, na msamaha. Wengi wanaona sifuri na msamaha ni kitu kimoja kwa sababu zote hazimtozi mteja kodi. Mauzo ya kwenda Kongo yenye ushahidi wa forodha ni asilimia sifuri, na kodi uliyolipa kwenye manunuzi yake unaidai. Kwa bidhaa yenye msamaha, kodi hiyo huwezi kuidai. Karani akiziweka zote "0" utapoteza fedha zako, au utadai isiyo yako na ukaguzi ukukute.

Viwango visiandikwe ndani ya programu. Sheria ya Fedha hubadilika kila Julai. VAT, PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na vingine lazima mhasibu aweze kubadilisha mwenyewe na kuweka tarehe ya kuanza. Muuzaji akikwambia "tutakuja kubadilisha", muulize kwa bei gani.

Dola: tangu kanuni za 2025, bei za ndani ya nchi zinatajwa na kulipwa kwa shilingi. Sarafu ya msingi iwe shilingi, dola ibaki kwa manunuzi ya nje na akaunti ya benki.

Na kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa si chini ya miaka 5. Ukihama mfumo, ule wa zamani usiufute.

---

Fundi_Seva

Sasa wingu (seva ya kukodi kwenye intaneti) au seva ya ndani. Watu wanabishana kama Simba na Yanga wakati jibu linategemea nani anauza saa ngapi.

Kwa Mzani, seva moja Gungu, Mwanga na Kasulu wakiingia kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti), inawezekana. Lakini Gungu ikizima, kote kumezima. Ukiwa kwenye wingu, intaneti ikikatika Gungu, Kasulu inaendelea. Mimi kwa matawi matatu ningechukua wingu, kila tawi liwe na ruta yenye laini mbili za mitandao tofauti. Chagua mitandao kwa kupima palepale dukani saa za kazi, msifuate matangazo.

Kaunta ya Mwanga ndiyo yenye hatari. Sehemu ya kuuzia ya Odoo inaendelea kuuza mtandao ukikatika, mradi ukurasa ulishafunguka. Keshia akiufunga au kuuonyesha upya kabla mtandao haujarudi, amekwama. Mfundishe hilo siku ya kwanza. Kwa ERPNext uliza kwa jina: sehemu ya kuuzia inayofanya kazi bila mtandao ni ya kwao au ni nyongeza ya mtu mwingine, na nani anaihudumia?

Mkiamua seva ya ndani: kwa watumiaji 9, kompyuta ya kori 4, RAM ya GB 8 au zaidi, diski mbili za SSD zinazoandikiana kama kioo ili moja ikifa nyingine iendelee. Seva, ruta na swichi kwa pamoja tuseme wati 200. Betri moja ya 12V 100Ah ina Wh 1,200. Ukitumia nusu yake usiiue, unabaki na 600, ukitoa kinacholiwa na inveta unapata saa mbili na nusu hivi. UPS ndogo peke yake ni ya kuzima seva kwa usalama, dakika chache tu. Umeme ukikata ghafla hifadhidata ikiwa inaandika, ndipo unapoamka na jedwali limeharibika.

Nakala rudufu: tatu, kwenye hifadhi za aina mbili, moja nje ya jengo. Na mara moja kwa mwezi irejeshe kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa usiihesabu.

---

Asali_Sikonge

Ninafuatilia kwa upande wa asali na tumbaku. Hiyo ya vigeuzi inatuhusu. Mnashauri nini kwa ushirika mdogo?

---

Hesabu_Isevya

Asali: kila mapokezi yawe na namba ya kundi inayobeba kijiji, mfugaji na unyevu uliopimwa. Kiwango cha kimataifa cha asali ya kawaida ni unyevu usiozidi 20%, hivyo mfumo ukatae kuchanganya kundi la 22% na zuri bila ruhusa ya meneja. Weka pia upotevu wa kuchuja kama sehemu ya uzalishaji, usiuache uonekane kama wizi.

Tumbaku ni habari nyingine. Kila belo lina uzito wake na daraja lake, na malipo ya mkulima yanakatwa mkopo wa pembejeo kwanza. ERP ya jumla hailijui hilo, utalichonga sana. Kwa ushirika, anza na mfumo ambao mamlaka za ushirika zinautaka, halafu hesabu zenu ziuzunguke huo. Fungua uzi wake ndugu, hapa tutamchanganya Mzani.

---

Mzani_Gungu

Muuzaji wa nne anasema ataandika kila kitu tunavyotaka sisi, tusibadilishe utaratibu wetu hata mmoja. Hilo linavutia.

---

Fundi_Seva

Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri.

Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani, walianza mradi wa SAP mwaka 2011 na kuuvunja 2018 baada ya kutumia kama yuro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa: wao huthamini stoo kwa bei ya kununulia, mfumo ule wa rejareja kwa kawaida unathamini kwa bei ya kuuzia. Hawakukubali kubadilisha utaratibu, wakauchonga mfumo. Wao walikuwa na fedha za kupoteza.

Kwa kiwango chenu hatari ya mfumo wa kuandikiwa ni mtu mwenyewe. Akihamia Dodoma au akipata kazi, nani atabadilisha kiwango cha kodi Julai? Ukitaka kumchukua, mkataba useme msimbo wote ni wenu na unakaa kwenye hifadhi yenu tangu wiki ya kwanza, na leja asiwe ameiandika mwenyewe kutoka sifuri. Mtu anayeandika leja yake mwenyewe mara nyingi anaruhusu muamala kufutwa. Kwenye leja sahihi hakifutwi kitu, kinarudishwa kwa muamala wa kinyume unaoonekana.

Hata Odoo na ERPNext usizichonge hovyo. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka na huhudumia matoleo matatu ya karibuni. Kila ulichochonga unakilipia tena kukihamisha. Tena Odoo ya bure haina moduli kamili ya uhasibu, ina ankara na malipo. Uhasibu kamili uko kwenye ya kulipia au kwenye nyongeza za jumuiya. ERPNext ina uhasibu wote kwenye toleo lake huria, lisilo na leseni ya kulipia. Wauzaji wengi hawalisemi mpaka mkataba umesainiwa.

---

Ujiji_Tally

Bei je? SAP Business One kwa watu 9?

---

Hesabu_Isevya

Ni mfumo mzuri na stoo yake ni imara, lakini unahitaji mshirika wa karibu anayeujua. Kama fundi yuko Dar, kila tatizo ni simu na nauli. Mimi kwa kiwanda kimoja cha sabuni nisingeenda huko.

Bei ipige kwa miaka mitano. Tuseme leseni ni dola 30 kwa kichwa kwa mwezi: watu 9 kwa miezi 60 ni dola 16,200, kabla ya ufungaji, mafunzo na VFD. Huria haina leseni, ila fundi, wingu na matengenezo vinabaki, na ufungaji ndio unaokula zaidi. Msiwape leseni wasiohitaji: mlinzi wa lango anaweza kutumia hati ya kutolea mzigo iliyochapwa.

Kwa hali aliyoeleza, pendekezo langu ni ERPNext kwenye wingu, ikishinda jaribio la kaunta (kuuza bila mtandao). Ikishindwa hapo, Odoo ya kulipia, na vigeuzi vya lita na kilo vichongwe mapema na viandikwe kwenye mkataba.

---

Dada_Kodi

Jaribio lenyewe lifanye hivi Mzani. Wape wauzaji wote watatu waliobaki miamala ileile, data zako, siku moja kila mmoja: kununua madumu 50 ya mawese na kuyapokea 48, kutengeneza sabuni kwa fomula mbili, kuhamishia Kasulu na mzigo upungue njiani, kuuza Mwanga intaneti ikiwa imezimwa, mteja wa Uvira arudishe nusu, nauli iongezwe baadaye na bei ya bidhaa ibadilike. Kaa na karani wa stoo na keshia, siyo mkurugenzi peke yake. Karani akihitaji kubofya mara kumi na tano kupokea dumu, atarudi Excel.

Kuuza mzigo ambao haujapokelewa kwenye mfumo kufungwe tangu mwanzo. Stoo ikienda hasi, mfumo unabuni gharama ya kile kilichouzwa, na wastani wa bidhaa unaharibika hata baada ya kupokea.

---

Mzani_Gungu

Nimeelewa. Tukichagua, tuanze lini? Tulifikiria katikati ya Desemba tukifunga mwaka.

---

Hesabu_Isevya

Katikati ya mwezi hapana, na Desemba mauzo yako juu. Anza tarehe 1 ya mwezi uliotulia. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita itaenda tarehe 20 kutoka mfumo wa zamani, ya mwezi mpya itoke kwenye mpya, hakuna mwezi wa nusu kwa nusu.

Wiki mbili kabla, safisha orodha ya bidhaa. "Sukari 50kg", "Sukari kg 50" na "SUKARI MFUKO" ni bidhaa moja. Ukizihamisha zote tatu umehamisha tatizo. Hesabu stoo usiku wa kuamkia tarehe 1, matawi yote kwa wakati mmoja, hakuna gari linalotembea kati ya Gungu na Kasulu usiku huo. Wadaiwa waingize kwa ankara moja moja zenye tarehe, jumla tupu haitakuonyesha deni la nani limechakaa. Akaunti za Lipa Namba, kila moja ipewe akaunti yake ya kupitishia kwenye leja ili makato yaonekane.

Endesha mifumo yote miwili kwa mwezi mmoja. Tofauti ya stoo kati ya mifumo itafutwe kila Jumamosi.

---

Fundi_Seva

Na nywila ya msimamizi mkuu wa mfumo ishikwe na kampuni yenu. Omba pia nakala kamili ya hifadhidata kabla ya kulipa awamu ya mwisho, muifungue wenyewe kwenye kompyuta nyingine.

---

Mzani_Gungu

Nawaandikia wote watatu leo hiyo orodha ya miamala ya Dada Kodi. Wa SAP nimemwambia tutasubiri. Nikipata majibu ya kaunta bila mtandao nitayaweka hapa na hatua za kila mmoja.